Transfoma Haijiui

Kuna sauti ambayo ukishaisikia mara moja hutaisahau. Vidole viko kwenye nyuzi, spika imenyamaza kabisa, lakini gitaa bado linasikika kwa mbali, jembamba, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Unainama, unatega sikio, unagundua kwamba sauti inatoka ndani ya chasi ya amplifaya. Transfoma ndiyo inayoimba. Mabati yake ya chuma yanatetemeshwa na nguvu ambayo ilipaswa kufika kwenye spika na haikufika.

Siku niliyoisikia mimi nilifanya kile ambacho mpiga gitaa yeyote hufanya sauti ikimpotea: niliongeza volyumu. Cheche ya buluu ikaruka chini ya soketi ya valvu moja, zile chupa za kioo zinazokuza sauti. Ukafuata mngurumo mzito, kisha kimya, kisha harufu ya varnishi iliyoungua.

Ilikuwa amplifaya ya wati 22 hivi, ya miaka ya 1960, yenye valvu mbili za 6V6. Nilikuwa nimeihangaikia majuma kadhaa. Kapasita za kuchuja umeme, zile zinazohifadhi chaji, nilibadilisha zote, vitufe vya volyumu na toni nikavisafisha mpaka vikaacha kukwaruza, waya wa umeme wa pini mbili nikautoa na kuweka wa pini tatu. Kitu pekee ambacho sikukigusa ni jeki ya spika, yaani tundu la kuchomekea plagi yake, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Ulimi wake ulikuwa umelegea. Mtikisiko mdogo tu, plagi na ulimi vikaachana, na transfoma iliyoishi zaidi ya nusu karne ikafia mikononi mwangu jioni moja.

Tangu hapo nimefungua amplifaya nyingi zenye transfoma ya spika iliyokufa. Zipo zilizokufa kwa uzee, unyevu ulipoingia na kuula waya mwembamba mpaka ukakatika na kuacha doa la kijani. Lakini ni chache. Zilizobaki ziliuawa na kitu kidogo kilicho jirani nazo: jeki, kapasita, soketi, valvu iliyochoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza namna ya kuilinda transfoma, simwonyeshi transfoma. Namwonyesha majirani zake.

Betri ya volti 9 inayouma

Lakini kwanza tuelewe inakufaje. Valvu za nguvu hufanya kazi kwa volti nyingi na mkondo mdogo. Spika inataka kinyume chake. Transfoma inasimama katikati kama mkalimani. Chukua ile iliyotengenezwa ili omu 8 za spika zionekane na valvu kama omu 6,600. Gawanya 6,600 kwa 8 upate 825, kisha tafuta kipeuo cha pili: karibu 28.7. Kwa kila mzunguko mmoja wa waya upande wa spika, kuna karibu mizunguko 29 upande wa valvu. Wati 22 kwenye spika ya omu 8 ni volti 13 tu, hazimtishi mtu. Upande wa pili wa chuma hicho hicho, volti hizo 13 ni karibu 380 kutoka anodi ya valvu moja (bati linalopokea elektroni) hadi ya nyingine, juu ya volti 400 na ushee za DC, umeme wa mwelekeo mmoja, ambazo tayari zinakaa pale.

Sasa iondoe spika. Valvu haina habari kwamba spika imeondoka; inaendelea kuvuta mkondo kama kawaida. Katikati ya noti, hasa ukiwa umeibana amplifaya mpaka sauti inapasuka, kuna nukta ambapo valvu zote mbili zinafunga kwa pamoja. Uga wa sumaku uliokwisha kujengeka kwenye chuma unaporomoka na hauna pa kwenda. Koili, yaani waya uliozungushwa kwenye chuma, haikubali mkondo wake ukatwe ghafla, kwa hiyo volti inapanda, na itaendelea kupanda mpaka ipate upenyo. Upenyo upo wa namna mbili: hewa iliyo kati ya pini za soketi, au karatasi nyembamba iliyo kati ya tabaka za waya ndani ya transfoma. Ukiwa na bahati, cheche itachagua soketi.

Mambo haya unaweza kuyaona kwa macho, na nakushauri uyaone. Chukua transfoma nzima iliyo nje ya amplifaya. Tafuta taa ndogo ya neoni, ya aina ile inayokaa ndani ya bisibisi ya kupimia umeme, uifunge kwenye ncha mbili zinazokwenda kwa anodi. Gusisha betri ya volti 9 kwenye ncha hizo hizo. Hakuna kitu. Neoni haiwaki mpaka ipate volti 65, nyingine zinataka hadi 90, na betri yako ina 9. Sasa iondoe betri. Neoni inamweka! Mmweko wa rangi ya chungwa, mfupi, ule wa kukufanya ujiulize kama umeuona kweli. Volti 9 zimezaa makumi ya volti kwa sababu tu umeachanisha waya. Usishike ncha kwa vidole vitupu ukifanya hivyo, mimi nilishika.

Jaribio hilo hilo ndilo kipimo changu cha kwanza cha uhai wa transfoma. Mizunguko miwili tu ya waya ikigusana ndani kwa ndani, inakuwa kama spika iliyopigwa shoti: inanyonya nishati yote na neoni haimweki kamwe. Mita ya omu peke yake haitakwambia jambo hilo, maana mzunguko mmoja ukipotea kati ya elfu na zaidi, usomaji haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mita itakwambia tu kama waya umekatika. Koili ya upande wa valvu ina nusu mbili, moja kwa kila valvu, zinazokutana kwenye waya wa katikati. Usishtuke ukikuta nusu moja ina omu 115 na nyingine 128. Nusu iliyofumwa nje ina mizunguko mikubwa zaidi, kwa hiyo waya wake ni mrefu zaidi. Nimeona watu wakitupa transfoma nzima kwa sababu ya tofauti hiyo.

Jeki

Waliolelewa na amplifaya za transista wana mazoea yanayoua valvu. Kwenye transista, ukichomoa spika hakuna linaloharibika, ila ukipiga shoti waya za spika unaunguza vitu. Kwenye valvu ni kinyume. Shoti ya muda mfupi transfoma inaivumilia, kwa sababu volti haiwezi kupanda. Wazi ndiko kunakoua.

Wahandisi wa Fender, kampuni ya amplifaya za gitaa, walilijua hilo mapema. Katika amplifaya zao nyingi za miaka ya 1950 na 1960, jeki kuu ya spika ina ulimi wa ziada: ukichomoa plagi, ulimi unajifunga na kupiga shoti njia ya spika kwa makusudi. Ndiyo maana pia ukichomeka spika ya nje kwenye jeki ya pili peke yake, ukaiacha ile kuu tupu, hupati sauti. Amplifaya haijaharibika. Inajilinda.

Shida ni kwamba ulimi huo umekaa miaka sitini. Umepata kutu, umepinda, umeshika uchafu mweusi unaonata. Na kuupima kuna mtego. Ukiweka mita kwenye jeki tupu utapata omu sifuri na pointi kidogo, ufurahi. Lakini koili ya upande wa spika yenyewe ina chini ya omu moja, kwa hiyo mita itakuonyesha karibu sifuri hata kama ulimi haugusi kitu. Lazima uondoe lehemu ya waya mmoja wa transfoma kwanza, ndipo upime jeki peke yake. Au chukua tochi na kioo cha kukuzia uangalie. Mimi hufanya yote mawili, kisha mara nyingi naibadilisha tu. Jeki ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote vilivyomo humo ndani, na sijawahi kusikia mtu akisifia sauti ya jeki ya asili.

Waya wa spika nao uwe waya wa spika. Ule wa gitaa una uzi mwembamba katikati uliozungukwa na wavu. Kwa nje vinafanana, kwa ndani uzi ule haukuumbwa kubeba ampea. Ukikatika ndani ya mpira hutaona, na utakatika wakati umeongeza volyumu. Kwenye amplifaya yenye swichi ya kuchagua omu 4, 8 au 16, usiizungushe ukiwa unapiga, kwa maana kati ya kituo kimoja na kingine kuna nukta ambapo spika haipo.

Kuhusu kukosea omu, watu wanaogopa kupita kiasi au hawaogopi kabisa. Ile transfoma yetu ya omu 6,600 ukiifunga spika ya omu 4, valvu zinaona 3,300. Zitavuta mkondo zaidi na kuchoka mapema. Ukiifunga omu 16, zinaona 13,200, na volti zinapanda. Mara mbili au nusu, amplifaya nyingi za zamani zilizojengwa vizuri huvumilia kwa onyesho moja. Nikilazimika kuchagua, nachagua omu chache badala ya nyingi, kwa sababu valvu zinabadilishika.

Soketi, na zile kapasita zinazovuja kimyakimya

Geuza chasi, angalia soketi za valvu za nguvu. Kwenye 6V6, 6L6 na EL34 anodi ni pini namba 3, na jirani yake namba 2 ni ya hita, ule uzi unaoipasha valvu joto. Volti mia nne na ushee zimekaa milimita chache kutoka kwenye waya ambao kwa DC ni kama umeshikwa na chasi. Cheche ikiwahi kuruka pale inaacha mstari mweusi kwenye bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli. Ni kaboni, na kaboni inapitisha umeme. Kwa hiyo cheche ya pili inahitaji volti chache kuliko ya kwanza, ya tatu chache zaidi. Watu wanaukwangua mstari huo kwa kisu. Usikwangue. Badilisha soketi, weka ya kauri kama unayo. Umri na heshima ya bakelaiti ya asili haviitetei soketi iliyokwisha kuungua.

Halafu kuna kapasita za kuunganisha, zile zinazopokea sauti kutoka kwenye valvu ya kugeuza awamu, inayoigawa sauti kwa valvu mbili za nguvu, na kuipeleka kwenye gridi zake, nyavu zinazotawala mkondo. Upande mmoja una DC ya volti mia mbili na kitu, upande wa pili una bayasi, volti ya kuibana valvu isipitishe mkondo kupita kiasi, ya hasi thelathini na kitu. Kazi ya kapasita ni kupitisha sauti na kuizuia hiyo DC. Ikizeeka inaanza kuvuja. Haipasuki, haitoi moshi, kwa macho ni nzima kabisa. Inavuja tu volti chache, gridi inapanda kutoka hasi 35 hadi hasi 20, na valvu inafunguka zaidi kuliko inavyotakiwa. Anodi inaanza kuwa nyekundu, kwanza mstari hafifu kwenye mshono wa bati, kisha bati zima kama kaa la moto. Mkondo wote huo unapita kwenye nusu moja ya transfoma yako.

Kuipima ni rahisi: toa valvu za nguvu, washa amplifaya, pima volti kwenye pini namba 5 ya kila soketi, ndiyo ya gridi. Zote mbili zinapaswa kuwa hasi, karibu sawa. Moja ikiwa imepanda kuelekea sifuri, mwizi umempata. Na hapo hapo badilisha kapasita ya elektroliti ya bayasi bila kuihoji. Ni ndogo, imekaa kwenye joto, na ikikauka bayasi inadhoofika kwa valvu zote kwa wakati mmoja. Kama kuna kitu kimoja cha kubadilisha kabla ya kuwasha amplifaya iliyolala miaka mingi, ni hicho. Watu wanakimbilia zile kapasita kubwa za kuchuja kwa sababu zinaonekana.

(Amplifaya ndogo zisizo na bayasi ya hasi, zinazotumia rezista (kizuizi cha mkondo) kwenye kathodi, sehemu ya valvu inayotoa elektroni, zina kapasita yake sambamba na rezista hiyo. Ikipigwa shoti ndani, kathodi inashikwa na chasi, bayasi inatoweka, na mwisho ni ule ule.)

Nilizoea kufikiri kwamba fyuzi itaniokoa. Hebu tufanye hesabu. Valvu ikipata shoti ya ndani inaweza kuvuta nusu ampea ya DC. Kwenye nusu ya koili yenye omu 120, hiyo ni wati 30 za joto ndani ya waya mwembamba kama unywele, uliofungwa kwa karatasi na nta, usio na pa kupumulia. Fyuzi ya umeme wa ukutani, ya ampea 2 kwa volti 120, inaruhusu wati 240 zipite bila kutikisika. Itakaa inaangalia transfoma ikiiva.

Ndiyo maana napenda fyuzi ya pili kwenye volti kubwa. Amplifaya za Marshall zimekuwa nayo. Za Fender za enzi ile kwa kawaida hazina. Kwa amplifaya ya wati 22, miliampea 250 ya aina inayochelewa inatosha, ikikaa baada ya rektifaya, inayogeuza umeme kuwa DC, kabla ya kila kitu. Kosa ninaloliona ni kuiweka kwenye waya wa katikati wa transfoma peke yake, kana kwamba ndiyo inayoilinda zaidi. Ikikatika pale, anodi zinakosa umeme lakini gridi za skrini, zile nyavu za pili ndani ya valvu, bado zinao. Mkondo wote unakimbilia kwenye skrini, waya mwembamba ndani ya valvu, nayo inayeyuka. Umeokoa kitu kimoja kwa kuua viwili.

Dayodi tatu, na ugomvi wake

Hapa ndipo mafundi wanapogombana. Ufumbuzi ni huu: kutoka kila anodi kwenda chasi unafunga dayodi, vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zikiangalia upande ambao kwa kawaida haupitishi kitu. Wengi hutumia tatu za 1N4007 kwa mfululizo, kila moja ikivumilia volti 1,000.

Mtu anayeziona kwa mara ya kwanza huuliza: kama hatari ni volti kupanda juu, dayodi inayozuia volti kushuka chini ya sifuri inasaidia nini? Fikiria ubao wa pembea ambao watoto wawili hukaa, mmoja huku mwingine kule. Katikati pameshikiliwa: huo ni waya wa katikati, umekaa kwenye volti 415. Anodi moja ikishuka 415, nyingine inapanda 415 na kufika 830. Ili moja ipande zaidi ya hapo, ile nyingine lazima izame chini ya ardhi. Dayodi ni jiwe lililowekwa chini ya kila ncha ya ubao. Ncha haizami, kwa hiyo nyingine hairuki. Si ulinzi kamili, kwa sababu nusu mbili za koili hazishikani kwa asilimia mia na kuna volti kidogo inayoponyoka, lakini imepunguza sehemu kubwa ya hatari.

Wanaozipinga wana hoja. Dayodi ikifa, mara nyingi hufa kwa shoti, na shoti kutoka anodi kwenda chasi ni kifo kile kile ulichokuwa unakikimbia. Ndiyo sababu ya kuweka tatu: moja ikifa zinabaki mbili. Hoja ya pili ni ya uasilia, nayo naiheshimu nusu. Amplifaya itakayokaa kwenye kabati la kioo sitaigusa. Ile itakayobebwa, kuangushwa na kukanyagwa waya na watu wasiojua ni nini, naziweka bila kuomba radhi. Zinatoka kwa dakika mbili za pasi ya kulehemu.

Kitu ninachoweka kila mahali bila ubishi ni rezista kwenye jeki ya spika, sambamba na spika: omu 470, wati 5 au 10. Spika ikiwepo, rezista inakula chini ya nusu wati kati ya zile 22. Hakuna sikio litakaloisikia. Spika ikiondoka, ule uga unaoporomoka unapata mahali pa kuteremkia. Haitoshi kukuruhusu upige bila spika. Inatosha kukupa sekunde za kunyoosha mkono na kuzima.

Kuwasha

Amplifaya iliyolala muda mrefu siiwashi moja kwa moja ukutani. Naipitishia kwenye balbu ya nyuzi ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme. Kwanza bila valvu hata moja. Balbu inawaka kwa nukta, kisha inafifia. Ikibaki inang'aa kuna shoti, na nimeijua bila kuunguza kitu. Kisha valvu ndogo, kisha za nguvu, spika ikiwa imefungwa tangu mwanzo. Kabla ya kuingiza mkono, kapasita zinamaliziwa chaji kwa rezista na mita inathibitisha. Sitalirefusha hili: volti 400 za kapasita kubwa zinaweza kukuua, hata kama plagi iko sakafuni.

Baada ya hapo napima mkondo wa kila valvu, na kifaa cha kupimia ni transfoma yenyewe. Amplifaya ikiwa imezimwa, pima omu kutoka waya wa katikati hadi kila anodi, andika. Ikiwa imewashwa na haina sauti, pima volti kati ya sehemu hizo hizo, mita ikiwa imefungwa kwa vibanio kabla ya kuwasha ili mikono isiwe humo ndani. Omu 120, volti 2.4: gawanya, ni miliampea 20. Kwenye volti 415 hizo ni wati 8.3, na 6V6 iliandikiwa kikomo cha wati 12. Iko asilimia 70 hivi. Nalala usingizi.

Kuna njia nyingine ya kuunganisha mita ya mkondo moja kwa moja juu ya koili, kuanzia waya wa katikati hadi anodi. Inafanya kazi. Lakini ncha ya mita ikiteleza kutoka kwenye pini 3 na kugusa chasi, umepiga shoti volti zote kupitia mita yako. Mimi sina mkono imara kiasi hicho.

Ile transfoma iliyokufa sikuitupa. Niliichunguza kwa nambari zake: zinazoanza na 606 ni za kampuni ya Schumacher, na tarakimu zinazofuata ni mwaka na juma la kutengenezwa. Kisha nikaamua kuifumua. Mabati ya umbo la E na I yalitoka moja baada ya jingine, yakiwa yameshikana kwa varnishi kama kurasa za kitabu kilicholowa. Nikaanza kufungua waya, huku nahesabu mizunguko kwa kuchora vijiti kwenye karatasi. Tabaka la waya, tabaka la karatasi ya rangi ya asali, tabaka la waya. Upande wa spika waya mnene, upande wa valvu waya ambao ukiupumulia unatikisika.

Nilikuwa nimeshaanza kudhani sitaona kitu. Kisha karatasi moja ikatoka ikiwa na doti nyeusi, ndogo kuliko kichwa cha pini. Niliiinua kwenye mwanga, mwanga ukapita. Chini yake, waya mbili za matabaka mawili zilikuwa zimeyeyuka na kushikana, tone moja la shaba ambalo ilibidi nitumie kioo cha kukuzia kuliona. Hayo tu. Sehemu nyingine yote ya ile transfoma, mamia ya mita za waya, ilikuwa nzima.

Mpya ilipofika niliipima kwa betri na neoni kabla ya kuifunga. Ikamweka. Nikailehemu, nikawasha kupitia balbu, na amplifaya ikapiga yowe ambalo nusura linitoe roho. Waya mbili za anodi nilikuwa nimezigeuza. Sauti inayorudishwa nyuma kutoka upande wa spika, badala ya kutuliza, ilikuwa inachochea. Nikazima haraka, nikasubiri kapasita zishuke, nikabadilishana hizo waya mbili tu.

Nilipowasha tena ulibaki mvumo mdogo, ule wa kawaida wa amplifaya ya valvu. Volyumu nikaiacha sifuri. Nikaishika plagi ya spika kwenye jeki mpya nikaitikisa, kulia, kushoto, juu, chini, nikiwa nimeinamisha sikio kwenye spika. Mvumo haukukatika.